Taa ya Manjano

Ulaanbaatar. Nje, baridi imeshuka thelathini chini ya sifuri,
na kaka yangu Temuulen amevua sweta ya sufu
kwa sababu kila akigusa chuma
cheche inamruka kidoleni,
na kumbukumbu, anasema, hufa kwa cheche ndogo kuliko hiyo.
Basi anatetemeka ndani ya fulana,
mkono wa kushoto umeshika fremu ya sanduku
kama mtu anayeapa.

Vijiti viwili tu. Vimekula mshahara wake wote wa Novemba,
mwezi mzima wa kuendesha lori la makaa hadi mpakani.
Vyembamba, vina meno ya dhahabu
na pengo moja lililokaa kando kidogo ya katikati,
ili hata mpumbavu asivichomeke kinyume.
"Mimi," akasema, "nimejaribu kinyume."

Tukabonyeza swichi.
Feni zote zikazunguka kwa furaha ya bure.
Skrini: giza.
Pembeni mwa ubao mama, taa moja,
ndogo kama punje ya mtama,
ikatutazama bila kupepesa.

Mwongozo, ukurasa wa thelathini na moja: manjano ni kumbukumbu.
Haukuongeza neno.

Tukavitoa. Nikapuliza vumbi ambalo sikuliona,
nikayasugua yale meno kwa kifutio cha shule.
Tukavirudisha mfereji wa pili na wa nne,
ukihesabu kutoka kwenye prosesa,
si wa kwanza na wa pili kama tulivyofanya mwanzo,
kama watu wanaopanga viatu mlangoni.
"Bonyeza," nikamwambia.
"Nimebonyeza."
"Hujabonyeza. Upande mmoja umelia, wa pili umenyamaza."
Anaogopa, huyu anayeteremsha tani tisini mlimani juu ya barafu,
anaogopa ubao utapasuka chini ya dole gumba.
Nikaweka dole gumba langu juu ya lake.
Ubao ukapinda kidogo, tukazuia pumzi,
ta!
Ndiyo hiyo. Hiyo ya pili ndiyo tuliyokuwa tunaidai.

Manjano.

Kijiti kimoja peke yake. Manjano.
Mwenzake. Manjano.
Tukang'oa betri ya duara, sawa na kifungo cha koti,
tukahesabu hadi mia tatu
ili ubao usahau yote uliyodhani unayajua.
Tukairudisha. Manjano.
Mara saba tuliwasha, na mara saba,
baada ya dakika moja, au nusu yake, Temuulen akazima,
akisema mambo juu ya muuzaji wa ghorofa ya tatu
ambayo mama alijifanya hakuyasikia.

Kisha mama akaita: maji yameisha,
na kioski kinafungwa saa mbili.
Tukavaa, tukapakia madumu kwenye kigari,
tukasahau kuzima.
Njiani hatukusemezana. Magurudumu yalilia juu ya barafu.
Mimi nilikuwa natafuta kichwani
ile risiti niliiweka wapi.

Tuliporudi, mama ameketi mbele ya sanduku,
miguu juu ya kigoda, anamenya viazi.
"Kuna maandishi," akasema bila kugeuka.
"Yametokea muda sasa. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

Gigabaiti thelathini na mbili. Zote.
Haikuwa imekufa. Ilikuwa inajipima
kwa mara ya kwanza, polepole, njia baada ya njia,
inavisoma vijiti vyake kabla ya kuvikabidhi neno lolote,
na sisi, kila ilipofika katikati ya somo,
tuliikatiza.

Temuulen hakucheka. Alivaa sweta yake,
akaigusa fremu kwa ncha ya kidole,
cheche ikamruka, akaguta,
maandishi yakabaki pale pale.
"Ilichukua dakika ngapi?" akamuuliza mama.

Mama akachungulia bakuli.
"Viazi sita."